Beseni moja, wapandaji kumi na mmoja: uchambuzi wa kisa cha kutapika na kuhara njia ya Machame

Mahali, watu na maandalizi

Kisa hiki kilitokea Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame, katika safari iliyopangwa kuwa ya siku saba. Majina, kampuni, mwaka na miji walikotoka wahusika vimeondolewa. Wapandaji wanatajwa kwa herufi. Walikuwa wafanyakazi wenza 11, A hadi K, wote watu wazima wenye afya, tisa kati yao wakipanda mlima mrefu kwa mara ya kwanza. Walisindikizwa na waongozaji watano, wapishi wawili, weita wawili na wagumu, yaani wabeba mizigo, 29. Jumla watu 49.

Maandalizi hayakuwa mabaya. Maji yote ya kunywa ya wapandaji yalichemshwa. Kila mpandaji alining'iniza chupa ya sanitaiza kwenye mkoba wake. Sanduku la dawa lilikuwa na paketi 10 za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) za lita moja moja, vidonge vya kuzuia kuhara, paracetamol, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, na boksi la tembe 100 za kutibu maji, zile za miligramu 67. Kulikuwa na choo kimoja cha kubeba chenye hema lake.

Kunawa kulikuwa hivi: kabla ya kila mlo weita aliweka mlangoni mwa hema la kulia beseni moja la maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni na taulo moja. Wa kwanza alinawa maji safi. Wa kumi na moja alinawa maji ya wenzake kumi, kisha akajifuta kwa taulo lililokwisha kulowa. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu safari nyingi za mlimani hufanya hivyo hivyo.

Siku kwa siku

Siku ya kwanza kundi lilipita lango la Machame na kufika kambi ya kwanza jioni. Saa nne usiku A alitoka hemani, akatapika mara tatu nyuma ya vichaka na kuhara mara mbili. Alimwambia mwenzake wa hema tu. Baadaye alipoulizwa alisema, "Nilidhani ni zile chipsi mayai za njiani." Jambo ambalo halikujulikana hadi siku ya nne ni kwamba mtoto wake mdogo alikuwa akitapika na kuhara siku mbili kabla ya safari, na A ndiye aliyekuwa akimsafisha.

Siku ya pili A alikunywa chai ya rangi bila kula, akapanda taratibu hadi kambi ya Shira, zaidi ya mita 3,700. Kufikia mchana alishapata nafuu. Saa kumi na nusu alasiri, watu wamechoka na baridi imeanza kuuma, ililetwa sahani ya bisi na karanga, kama ilivyo desturi ya mlima huu. A alikaa katikati ya meza. Alikuwa amenawa, tena mapema, labda wa pili au wa tatu kwenye beseni. Sahani ilizunguka, kila mtu akitia mkono, hadi zikabaki punje zisizopasuka na chumvi.

Siku ya tatu ni ya kupanda hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, kisha kushuka kulala kambi ya Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Ni siku ya vichwa kuuma na kichefuchefu, na waongozaji wanaitegemea hivyo. Kati ya saa mbili usiku na saa tisa usiku, B, C, D na E walianza kutapika, mmoja baada ya mwingine.

Siku ya nne kundi lilipanda Ukuta wa Barranco na kufika kambi ya Karanga alasiri. Jioni hiyo F na G walianza kuhara. Saa moja usiku weita mmoja, yule aliyekuwa akikusanya sahani na kumwaga beseni, alitapika nyuma ya hema la jiko. Asubuhi ya siku ya tano alifuata mwongozaji msaidizi aliyewahudumia wagonjwa kule Barranco na kubeba mikoba yao. Huyo alikuwa wa tisa na wa mwisho.

Maamuzi na sababu zake

*Kwanza, iwe ni mwinuko.* Usiku wa Barranco mwongozaji mkuu aliwachukulia wote wanne kama wagonjwa wa mwinuko. Hilo lilikuwa sahihi hata kama baadaye lilionekana si kweli. Juu ya mita 2,500, mtu anayetapika huhesabiwa ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, kwa sababu kosa la kumpandisha juu mgonjwa wa mwinuko linaweza kuua, ilhali kosa la kumsubirisha mwenye tumbo bovu linagharimu siku moja tu. Alipima oksijeni, akawatembeza kwa mstari kisigino kwa kidole gumba, akakataza yeyote kupanda juu zaidi.

Asubuhi aliuliza swali alilopaswa kuuliza usiku ule ule: "Dada, tangu jana jioni umeenda haja mara ngapi, na imekuwaje?" Watatu kati ya wanne walikuwa wakihara maji matupu. Ni mmoja tu aliyeumwa kichwa. Wote walitembea wamenyooka. Ugonjwa wa mwinuko huleta kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, uchovu na kizunguzungu. Kuhara si dalili yake. Kufikia saa moja asubuhi ilikuwa wazi kwamba tatizo ni tumbo.

*Pili, iwe ni maji.* Uamuzi wa papo hapo ulikuwa kuyashuku maji. Wapishi waliambiwa maji yachemke kwa dakika tatu kamili badala ya kuzimwa yanapoanza tu kutokota, kisha kila dumu la lita 20 litiwe tembe moja. Kachumbari na tikiti lililokatwa viliondolewa mezani. Hakuna ubaya katika hayo, ila gesi iliungua na tatizo likabaki pale pale. Ndani ya kizaazaa hicho K alichukua tembe ya lita 20 akaitia kwenye chupa yake ya lita moja, yaani dozi mara ishirini. Maji yalinuka dawa kiasi cha kushindwa kuyanywa, akayamwaga. Tembe za lita moja zipo, lakini ni za miligramu 8.5. Kabla ya kufungua karatasi, soma namba iliyoandikwa juu yake.

*Tatu, kuendelea hadi Karanga.* Mwongozaji alichelewesha safari hadi mchana, akawaondolea wagonjwa mikoba, akawavusha ukutani. Sababu yake ilikuwa kwamba Karanga iko karibu na mwinuko ule ule, kwa hiyo si kupanda, na kutoka Karanga ni rahisi kumshusha mtu kwa njia ya kushukia ya Mweka. Tutaurudia uamuzi huu.

*Nne, swali la mpishi.* Usiku wa siku ya nne, weita alipougua, mpishi mkuu alimwambia mwongozaji: "Kaka, wagumu ishirini na tisa wanakunywa maji ya mto huu huu, wengine hata hawasubiri yachemke. Mbona hakuna anayehara?" Hapo ndipo mawazo yalipogeuka. Wagumu walikuwa na sufuria yao, ugali wao na dagaa zao. Hawakugusa bisi. Hawakunawa kwenye lile beseni. Mwongozaji alimpigia simu daktari, wakapitia orodha ya nani aliugua lini, na usiku ule ule mambo haya yakafanyika:

Beseni liliondolewa. Dumu tupu la lita 5 lilitobolewa karibu na shingo kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la gesi, tundu la milimita mbili au tatu, likaning'inizwa kwenye fimbo mbili za kutembelea zilizofungwa msalaba. Kamba kutoka shingoni ilishuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Sabuni iliwekwa ndani ya soksi kuukuu ikafungwa pembeni. Ni kibuyu chirizi kile kile kinachofundishwa shule za msingi vijijini. Taulo liliondolewa, mikono ikakauka kwa upepo au kwa nguo ya mtu mwenyewe.

Hakuna tena sahani ya pamoja. Mpishi mmoja, asiye na dalili, alipakua chakula chote kwa upawa na kumpa kila mtu sahani yake. Bisi zilipimwa kwa kikombe.

Wagonjwa walipewa choo cha kubeba kwa kuwa kilikuwa karibu na mahema yao. Wazima walitumia vyoo vya kambi. Kiti cha choo, zipu za mahema na vishikio vya chupa za chai vilifutwa kwa maji ya klorini. Jiki haikuwepo, hivyo wakatumia tembe: moja ya miligramu 67 hutoa klorini miligramu 40 hivi, na ili kupata miligramu 1,000 kwa lita ziliyeyushwa tembe 25 katika lita moja. Hiyo ni robo ya boksi. Mililita 30 za Jiki ya asilimia 3.5 katika lita moja ya maji zingefanya kazi ile ile.

Weita aliondolewa jikoni. Hili lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu ya pesa. Mgumu au weita anayeshushwa mapema huhofia kukosa posho za siku zilizobaki na mgawo wa bahashishi. Mwongozaji alimwahidi mbele ya wenzake kwamba atalipwa siku zote na mgawo wake hautaguswa. Ndipo alipokiri kwamba tumbo lilianza kumvuruga tangu saa sita mchana, saa saba kabla ya kutapika, na muda wote huo alikuwa akigawa vikombe.

*Tano, nani ashuke.* Vigezo vilikuwa vitatu: kushindwa kuweka maji tumboni, kutokojoa kwa saa nane au zaidi, na kizunguzungu cha kusimama. Damu kwenye choo au homa kali pia ingetosha, lakini hakuna aliyekuwa navyo. B alikuwa na vigezo vyote vitatu, D kimoja, na F aliomba mwenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya siku ya tano waliteremshwa, B akiwa kwenye machela ya gurudumu moja kila palipowezekana. Kwa ushauri wa daktari, waliokuwa wakinywa Diamox (dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko) huku wanahara waliambiwa waisitishe, maana inaongeza mkojo kwa mtu anayepoteza maji tayari, na wasipande hadi wapone. Wanane waliobaki walilala Karanga usiku wa ziada.

Matokeo

B alitundikiwa dripu hospitalini Moshi na kuruhusiwa kesho yake. D na F walipona kwa ORS. Baada ya asubuhi ya siku ya tano hakuna mgonjwa mpya. Siku ya sita wanane walihamia Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Alfajiri ya siku ya saba watano, akiwemo A, walifika kilele cha Uhuru, mita 5,895. C aligeuzwa Stella Point, chini kidogo ya kilele, kwa uchovu. E na G walichagua kubaki Barafu. Safari ilichukua siku nane, na ada za siku ya ziada za hifadhi zikagawanywa kati ya wapandaji na kampuni baada ya mabishano marefu.

Kilichowaumiza ni nini

Hakuna choo kilichopelekwa maabara, kwa hiyo hukumu hii inategemea dalili na saa. Lakini saa zinasema mengi.

Wali uliolala na sumu ya bakteria hutapisha ndani ya saa moja hadi sita, na huwapiga waliokula karibu kwa pamoja. Hapa wagonjwa walianguka kwa mafungu, siku tatu mfululizo. Giardia, kimelea ambacho wapenda mlima wengi hukitaja kwanza, huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza; wengi huugua wakiwa wamesharudi nyumbani. Bakteria wa Campylobacter kwa kawaida huchukua siku mbili hadi tano. Maji yangekuwa mabaya, ungetarajia wagonjwa wametapakaa pande zote, wagumu wakiwemo. Mtu anaweza kusema wagumu wamezoea maji ya mlima, na kwa baadhi ya bakteria hoja hiyo ina uzito, lakini si kwa watu 29 wote.

Kinacholingana ni kirusi cha norovirusi au ndugu zake: saa 12 hadi 48 tangu kuambukizwa, kutapika kwa ghafla, kuhara maji bila damu, nafuu baada ya siku moja hadi tatu. Kutoka bisi za Shira hadi kutapika kwa B ni saa 28 hivi. Kutoka Barranco hadi F, G na weita ni chini ya siku moja. Kirusi hiki kinahitaji chembe chache mno kuambukiza, na mgonjwa huendelea kukitoa hata baada ya kujisikia mzima. A alikuwa hatari zaidi alipopata nafuu kuliko alipokuwa anatapika, kwa sababu akitapika alijitenga, na alipopona alirudi mezani.

Sanitaiza haikuokoa mtu. Alkoholi hufanya kazi vizuri kwa virusi vyenye utando wa mafuta, kwa kuwa huuvunja. Norovirusi hana utando huo. Dawa ya mkononi ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kwa kusugua kati ya vidole na chini ya kucha: sabuni hukibandua kirusi, maji hukibeba kwenda zake. Ndani ya beseni hakiendi popote, kinamsubiri mtu wa nyuma.

Watu wa pwani hawakuhitaji kuambiwa hili. Mgeni hachovyi mikono. Ananawishwa kwa birika, maji yakimwagikia mikononi na kuangukia bakuli chini. Beseni la pamoja lina mantiki ya kuosha miguu na uso wa mtu mmoja. Namna lilivyopanda cheo hadi kuwa chombo cha kunawia kabla ya kula ni swali la kuwauliza wenye kampuni.

Kilichosaidia

Kutopanda juu usiku wa Barranco kulisaidia, na kushusha watu kwa vigezo badala ya kwa hisia kulisaidia zaidi. B alikuwa akisisitiza kwamba yuko sawa. Angeulizwa "unajisikiaje?" angepelekwa Barafu. Aliulizwa amekojoa lini, akanyamaza.

Matibabu yalikuwa ya kawaida na yalitosha. Kila baada ya kuhara, mtu mzima alikunywa ORS mililita 200 hadi 400, kwa mafunda madogo. Aliyetapika alisubiri dakika kumi, akaanza tena kwa kijiko. Paketi kumi ziliisha asubuhi ya siku ya tano, kwani wagonjwa saba si kidogo, na mpishi akatengeneza ya jikoni: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Ya kwanza ilimwagwa. Alitumia kijiko cha supu kwa chumvi na mgonjwa akaikunja uso. Kipimo cha ulimi ni kwamba isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi inamkausha mgonjwa zaidi.

Dawa ya kuzuia kuhara ilitolewa kwa mmoja tu, D, kwa ajili ya safari ya kushuka. Hakuwa na homa wala damu, kwa hiyo ilikubalika. Kwa waliobaki kambini haikuhitajika.

Kilichoharibika

Kosa la kuvuka Ukuta wa Barranco ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye ratiba. Hoja ya mwongozaji kuhusu Mweka ilikuwa na ukweli, lakini aliipa uzito uliozidi. Ukuta unapandwa kwa mikono na miguu, na mtu aliyekosa maji mwilini hana mikono ya kuamini. Kisha, Barranco ina maji karibu na kambi. Karanga maji yako bondeni, chini ya kambi, na kila dumu hupandishwa mabegani. Kundi lililohitaji kunawa mara kumi kwa siku lilihamishwa kutoka penye maji kwenda pa shida ya maji. Karanga pia ndipo mahali pa mwisho pa maji kabla ya Barafu. Kubaki Barranco siku moja kungegharimu ada ile ile iliyolipwa baadaye.

Swali la kila asubuhi mezani lilikuwa baya. "Mko poa?" likiulizwa mezani, mbele ya wote, lina jibu moja tu. A alijibu "poa" siku ya pili, akiwa amelala macho. Mpandaji huficha kwa sababu amelipa na anakitaka kilele. Mgumu huficha kwa sababu ya posho. Kuanzia siku ya tano waongozaji waligawana mahema na kuuliza kila mtu faraghani mambo matatu: umetapika, umehara mara ngapi, umekojoa lini. Ilichukua dakika kumi na mbili kwa watu wanane.

Swali la nne lilipaswa kuulizwa kabla hata ya kupanda gari: je, nyumbani kwako kuna aliyetapika au kuhara wiki hii? A asingezuiwa kusafiri. Angeambiwa tu asitie mkono kwenye chakula cha pamoja na anawe wa mwisho, au kwa maji yake, hadi zipite saa 48 baada ya dalili kuisha.

Madumu hayakuwa na alama. Dumu la maji ya mto na dumu la maji yaliyochemshwa yalifanana, na siku ya tano msaidizi alionekana akipoza maji ya kunywa kwa kuongeza maji mabichi. Halikuhusika na mlipuko huu, lakini lingeleta mwingine. Yalifungwa utepe mwekundu kwa mabichi, bila utepe kwa yaliyochemka.

Imani kwamba "maji ya mlimani hayachemki sawasawa" iliwafanya wapishi wayadharau maji yao wenyewe. Ni kweli kwamba mita 4,000 maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi badala ya 100. Lakini vijidudu vya tumbo hufa kabla ya hapo. Dakika tatu za kutokota juu ya mita 2,000 zinatosha. Dakika moja ya nchi tambarare huongezwa hadi tatu kwa sababu ya joto hilo dogo.

H alikuwa na kichujio cha maji cha nyuzi laini, akakiacha nje ya hema Shira usiku wa barafu. Maji yaliyobaki ndani yakiganda, nyuzi hupasuka na kwa macho hakuna kinachoonekana. Tangu hapo kichujio kile kilikuwa bomba tu. Hulala ndani ya mfuko wa kulalia, pamoja na betri. Na hata kikiwa kizima huzuia bakteria na vimelea, si virusi. Tembe za klorini nazo huua bakteria na virusi lakini hushindwa na kimelea cha kriptosporidia, na kwenye maji ya baridi kali nusu saa iliyoandikwa kwenye boksi iwe saa moja. Unga wa juisi utiwe baada ya muda huo, kwa sababu vitamini C huimaliza klorini.

Kilichobadilishwa safari iliyofuata

Hesabu ya maji ya kunawa ilifanywa kwa mara ya kwanza. Kunawa mara moja kwenye kibuyu chirizi hutumia robo lita. Watu 11, mara tano kwa siku, ni chini ya lita 14. Dumu moja la lita 20 linatosha, na mzigo wa mtu mmoja mlimani una kikomo cha kilo 20. Gharama nzima ya jambo hili ni mgumu mmoja wa ziada anayepanda na dumu kutoka Karanga hadi Barafu, ambako watu hunawa kidogo kuliko kote kwa kuogopa kumaliza maji.

Sanduku la dawa sasa lina paketi 30 za ORS na kijiko cha chai kilichofungwa pamoja nazo. Kuna chupa ya mililita 200 ya Jiki iliyonunuliwa wiki ya safari, kwa kuwa ya zamani hupoteza nguvu, na imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni mbali na nguo. Weita anayeumwa hulipwa siku zote, na hilo limeandikwa kwenye karatasi anayosaini langoni. Beseni bado linapanda. Hupelekwa mahemani jioni, moja kwa kila hema, la kuoshea miguu.